Kodi Isiyouzika: Kwa Nini BMW Ndogo Inashuka Bei Dodoma na IST Imesimama

Ukifungua makundi ya WhatsApp ya watumishi wa hapa Dodoma siku hizi, hukosi tangazo la aina hii: BMW 116i, Audi A3 au Mercedes-Benz A180, namba D za mwishoni au namba E (herufi ya usajili inayoonyesha gari liliandikishwa nchini lini), viti vya ngozi, rangi ya kiwandani, na bei inayokaribiana na ya Toyota IST ya namba hizohizo. Chini ya tangazo watu hugawanyika. Wapo wanaohimizana kuwahi kwa kuwa gari la kifahari limefika bei ya kutupa, na wapo wanaosema magari ya Mjerumani hayatufai, ndiyo maana wenyewe wanayakimbia. Naona pande zote mbili zinaisoma bei vibaya. Bei ile haithibitishi kwamba gari ni bovu, wala haimpi mnunuzi zawadi. Inachoonyesha ni kwamba mwenye gari alilipa kodi ambayo soko letu limekataa kumrudishia. Mwenye IST alilipa kodi kwa viwango vilevile, naye akiuza anarudishiwa sehemu kubwa. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani anaumia, na katika mji huu, ambao watu wengi wananunua magari kwa mikopo ya mshahara na kupata uhamisho kabla mkopo haujaisha, inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko tunavyofanya.

Magari haya madogo ya milango mitano, yaliyokatwa nyuma na kuvishwa kila anasa ya magari makubwa, huanza kupoteza thamani mapema sana. Ulaya gari jipya la namna hii hupoteza karibu nusu ya bei yake ndani ya miaka mitatu hivi ya mwanzo. Japani, yanakotoka mengi ya kwetu, kuna msukumo mwingine: gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Mjapani mwenye gari la Kijerumani lililozeeka, akiangalia bei ya spea na ukaguzi unaokuja, mara nyingi huona heri alipeleke mnadani. Mengine yanatoka Uingereza, ambako usukani pia uko kulia, ila huko chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi hula chuma cha chini ya gari, hivyo anayenunua la Uingereza asiridhike na kung'aa kwa bodi kabla hajalala chini kuchungulia. Kwa vyovyote vile, A3 ya miaka kumi inapotokea kwenye simu ya Mtanzania, mnunuzi wa kwanza ameshameza hasara kubwa. Bei inaonekana rahisi kupita kiasi, na hapo wengi huacha kupiga hesabu, kumbe wamefika nusu tu.

Nusu iliyobaki iko bandarini. Tuseme gari limefika Dar es Salaam likiwa na thamani ya shilingi milioni 10, usafiri na bima vikiwemo, injini yake iko kati ya cc 1,000 na 2,000, na umri umepita miaka 10. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 2.5, na sasa tunahesabu kutoka milioni 12.5. Ushuru wa bidhaa kwa ukubwa huo wa injini ni asilimia 5, na kwa ajili ya umri unaongezeka mwingine wa asilimia 30. Hiyo ni kama milioni 4.4. Juu ya jumla yote inakuja VAT ya asilimia 18, karibu milioni 3. Ukijumlisha unakuta kodi imefika kama milioni 9.9, kabla ya tozo nyingine, usajili na wakala. Gari la milioni 10 linatoka getini likiwa la milioni 20. Lingekuwa na umri chini ya miaka minane, kodi hizo zingekuwa kama milioni 5.5. Tena TRA, mamlaka ya mapato, ina mfumo wake wa mtandaoni wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika kwa aina, modeli na mwaka, kwa hiyo bei uliyoshindia mnadani Japani si lazima iwe ndiyo itakayotozwa. Gari ambalo Wajapani wenyewe wamelishusha bei kwa sababu limewachosha linaweza kukadiriwa hapa kwa thamani ambayo hakuna mnunuzi wa mitaani atakayeitambua.

Sasa angalia kinachotokea wakati wa kuuza. Anayetaka IST ana njia mbili, kuagiza au kununua mkononi. Akiagiza atalipa kodi ileile aliyolipa muuzaji, na anajua. Kwa hiyo anapokaa na muuzaji kujadiliana, anailinganisha IST ya mkononi na IST ya kuagiza, na kodi inabaki ndani ya bei kama sehemu halali ya thamani. Ndiyo maana shilingi ikidhoofika dhidi ya dola, IST zilizokwishasajiliwa nazo hupanda bei, hata zile zilizokaa nchini miaka mingi. Ndiyo maana pia tunaliuliza gari namba yake kabla ya mwaka wake: IST iliyotengenezwa 2003 lakini ikasajiliwa namba D inaweza kuuzwa ghali kuliko ya 2005 yenye namba B. Mnunuzi wa A3 hafanyi ulinganisho huo. Hailinganishi A3 ya mkononi na A3 ya kuagiza, kwa sababu hata kuiagiza hakuwa anafikiria. Anailinganisha na IST, kisha anapunguza kidogo kwa ajili ya hofu. Milioni zote zilizoachwa bandarini hazimhusu. Kodi ya IST inauzika. Kodi ya A3 imekufa siku gari lilipopata namba.

Hofu hiyo nimeiona kwa karibu kwenye yadi moja hapa mjini. BMW 116i ya rangi ya fedha ilikuwa imeegeshwa pembeni mwa IST nyeupe yenye mkwaruzo mrefu kwenye bampa. Kwa IST swali lilikuwa moja tu, mwisho wako ngapi. Kwa BMW mnunuzi aliuliza fundi wake ni nani, spea zinatoka wapi, taa ya injini imewahi kuwaka. Kisha akafungua nyuma, akanyanyua kapeti, akatafuta tairi la akiba asilione. Dalali akamweleza kwamba gari lile limetengenezwa kwa matairi yanayoweza kutembea bila upepo. Ni kweli, matairi ya namna hiyo kwa kawaida yanakupa kama kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Lakini kilomita 80 kutoka Dodoma hazikufikishi hata Manyoni, na ukifika penye fundi wa pancha, si kila mmoja ana mashine ya kulivua tairi gumu vile. Mnunuzi akarudisha kapeti taratibu, akahamia kwenye IST. Hakusema gari ni bovu. Alipiga hesabu ya usiku mmoja kati ya Bahi na Manyoni, na hesabu ile ilikuwa sahihi.

Kwa Dodoma hofu ina mizizi zaidi kuliko Dar es Salaam. Spea nyingi za magari ya Ulaya tunaziagiza huko, Ilala na Kariakoo, zinakuja kwa basi. Basi lenyewe halichelewi. Shida ni pale sensa inapofika ukakuta ni ya injini nyingine, kwa kuwa A3 za mwaka mmoja zinaweza kuwa na injini na giaboksi tofauti, na fundi aliagiza kwa kutazama umbo. Spea inarudi, nyingine inakuja, na wiki inakatika gari likiwa gereji. Mafundi wenye mashine ya kusoma makosa na ujuzi wa kutafsiri kinachosomwa wapo, ila ni wachache, na wanajuana. Kuna fundi atakayeona kosa limeandikwa sensa, akabadilisha sensa, kumbe ni waya uliokatika. Mwenye gari amelipia spea ambayo haikuwa mbovu, na hadithi inayosambaa mtaani ni kwamba magari haya hayaponi.

Lipo jambo la pili ambalo soko linalifanya vibaya. Mwenye A3 aliyebadilisha oili kwa wakati, akaweka ya daraja linalotakiwa, akahudumia giaboksi na kutunza risiti zote, anapewa bei ileile anayopewa aliyeendesha mpaka taa zikajaa kwenye dashibodi kisha akamtafuta mtu wa kuzifuta kabla ya kutangaza. Mnunuzi hana namna ya kuwatofautisha, kwa hiyo anaweka bei ya yule mbaya kwa wote wawili. Yule mzuri akiona bei hiyo anaondoa tangazo na kuendelea na gari lake. Anabaki sokoni yule mwenye sababu ya kuharakisha. Baada ya muda magari mengi yanayouzwa yanakuwa kweli ni ya kuogopwa, na hofu iliyoanza kwa kutojua inapata ushahidi. Kwenye IST tatizo hili ni dogo, kwa sababu hata ukiuziwa iliyochoka, injini nyingine unaipata na fundi wa mtaani anaifunga.

Hoja kwamba magari haya ni mabovu kwa asili ina ukweli kidogo ambao sitauficha. Giaboksi ya gia saba yenye klachi mbili kavu, iliyofungwa kwenye baadhi ya A3 na ndugu zake wa Volkswagen, ina historia mbaya inayojulikana dunia nzima. Mwaka 2013 Volkswagen iliyaita magari zaidi ya 380,000 nchini China kwa sababu yake. Anayenunua gari lenye giaboksi hiyo bila kulijaribu kwenye foleni, likiwa la moto, anacheza na fedha zake. Lakini huwezi kutoka hapo ukahukumu kundi zima. Kizazi cha A3 na cha A-Class vilivyoingia sokoni 2012 vilipata nyota 5 kwenye majaribio ya usalama ya Euro NCAP, na BMW ya 1 Series ya wakati huo pia. Hilo lina uzito kwa mtu anayepita barabara ya Morogoro usiku akipishana na malori. Soko letu halilipi hata shilingi kwa ajili yake, nalo ni kosa la soko.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayoumiza watu zaidi, ni ile inayosema bei imeshashuka mno, haiwezi kushuka tena. Wanaoitoa wanafikiri kushuka kwa bei kuna sakafu. Hakuna. Gari lililotoka milioni 20 likafika 13 linaweza kufika 5, na njia ya kulifikisha huko ni fupi: taa moja isiyozimika, au herufi moja mpya ya usajili inayoanza kutoka TRA. Zaidi ya hapo, hasara ya gari la kifahari haiishii kwenye bei ya kuuzia, kwa sababu matengenezo yake yamebaki kwenye daraja la bei yake ya zamani. Mwenye kiwanda hajui kwamba gari lako sasa lina thamani ya IST. Shokapu, pampu ya maji na moduli ya giaboksi vitauzwa kwa gari lililokuwa ghali likiwa jipya. Unaponunua kwa bei ya IST unapata punguzo siku moja tu, siku ya kulipa. Siku zote zinazofuata unalipa bei kamili.

Hoja ninayoiheshimu zaidi inatoka kwa wanaosema gari hununuliwa kutumika, na anayewaza kuuza kabla hajawasha hana raha nalo. Kuna mantiki ndani yake, ila inategemea muda. Ukinunua kwa milioni 14, ukakaa nalo miaka minane na kuliuza milioni 4, thamani imekutoka kwa milioni 1.25 kila mwaka. Ukiliuza baada ya miaka miwili kwa milioni 9, imekutoka milioni 2.5 kwa mwaka, mara mbili yake. Gari ni lilelile. Kwa mwalimu wa chuo mwenye nyumba yake Iyumbu na asiye na mpango wa kuhama, hoja hii inasimama. Kwa ofisa wa wizara ambaye barua ya uhamisho inaweza kumkuta mwezi wowote, haisimami. Naye akiuza, anauza kwa watu wanaofanana naye, wenye mshahara wa tarehe moja na mahitaji ya msimu mmoja. Januari ada zikifika, wauzaji wanaongezeka na wanunuzi wanapungua kwa wakati mmoja. IST inavumilia msimu huo kwa sababu dereva wa teksi wa Nkuhungu anaihitaji hata Januari. A180 haina mnunuzi wa namna hiyo, na mwenye nayo huishia kuipeleka Dar es Salaam kutafuta bei.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba matumizi ya magari haya Dodoma yamekuwa na maana zaidi kuliko ilivyokuwa miaka kumi iliyopita. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam katikati ya 2024, mtu hahitaji tena gari la kumvusha kilomita 450 kila anapokuwa na shughuli huko. Anahitaji gari la kumtoa Kisasa au Ilazo hadi Mtumba kwenye mji wa serikali na kumrudisha, kwenye lami, kilomita zisizofika 20 kwenda. Hewa yetu kavu hailishi bodi kutu kama ya pwani. Vumbi linadai chujio la hewa libadilishwe mapema, na jua linakausha mipira, lakini hayo yanatibika kwa fedha ndogo. Gari dogo, imara na salama linafaa kazi hiyo kabisa. Thamani yake ya kutumika imepanda, ya kuuzika imebaki chini, na pengo hilo halijasababishwa na gari lenyewe.

Ushahidi kwamba pengo ni la ujuzi na spea tunao wenyewe. Wengi tunakumbuka jinsi Toyota zenye injini za D4, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zilivyokimbiwa. Subaru nazo ziliitwa magari ya kulala gereji mpaka mafundi wakazizoea, spea zikajaa, na leo Forester ina wanunuzi wake. Tazama pia Lexus CT200h, iliyotengenezwa kuanzia 2011 hadi 2022. Ni gari dogo la kifahari kama yale ya Kijerumani, lakini injini yake ya cc 1,800 na mfumo wake wa betri vina undugu na vya Toyota Prius ya wakati huo. Fundi aliyewahi kufungua Prius haogopi kuifungua CT. Betri inahitaji kupimwa kabla ya kununua, hilo ni lazima, lakini mwenye gari hili hajaachwa peke yake. Nikiambiwa nichague la kifahari ambalo kodi yake ina nafasi ya kurudi, nitaanzia hapo.

Kutokana na haya yote, ushauri wa kawaida unageuka. Tumezoea kuambiana kwamba kuagiza ni salama kuliko kununua mkononi, kwa kuwa mkononi utauziwa matatizo ya mtu. Kwa IST sina ubishi. Kwa A3, 116i na A180, anayeagiza ndiye anayekubali kubeba kodi isiyorudi. Anayenunua kwa Mtanzania aliyeagiza analikuta deni hilo limeshalipwa, ilimradi alipie ukaguzi wa fundi mwenye mashine, aone risiti za huduma, na abakize akiba ya matengenezo ambayo hataigusa kwa jambo jingine. Asipokuwa na akiba hiyo, bei inayoonekana ya IST itamdanganya. Mabenki na vyama vya akiba na mikopo navyo vingefaa kutenganisha magari haya vinapokopesha. Mkopo wa miaka sita juu ya IST, deni na thamani ya gari vinaweza kushuka pamoja. Juu ya A180 thamani inashuka haraka kuliko deni, na mkopaji akiuza gari katikati anabaki akikatwa mshahara kwa kitu anachoendesha mtu mwingine. Ofisa mikopo anaweza kumwonyesha hesabu hiyo kwenye karatasi kabla hajasaini.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina chuo hapa Dodoma, na vijana wanaotoka huko wana nafasi ambayo bado haijajaa. Gereji moja inayosoma makosa kwa usahihi, inayoagiza spea kwa namba ya chesisi, na inayompa mteja taarifa iliyoandikwa ya kila kazi, itafanya kazi mbili kwa pamoja. Itatengeneza magari, na itampa mnunuzi ajaye njia ya kumtofautisha aliyetunza na aliyefuta taa.

Na wewe ambaye tayari unalo, hasara kubwa imeshapita. Ilitokea bandarini, na kuuza kwa hofu mwezi huu hakuirudishi. Kama gari ni zima na huna barua ya uhamisho mkononi, kila mwaka unaoendelea kulitumia unaigawa hasara ile katika vipande vidogo zaidi. Tunza risiti kwenye faili moja, andika kilomita za kila huduma, na kama lazima uuze, subiri Januari ipite.